Kibubu cha Mwanzi: Wema wa Kibudha Katika Miji ya Taiwan

Watu wengi walisikiapo jina la Budha huona mara moja sanamu ya mtu aliyekaa kimya, miguu ameikunja, macho ameyafumba nusu, mbali na vurugu za dunia. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Mafundisho ya Budha, yaliyoanza katika Bara Hindi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, yanamtaka mfuasi auzoeze moyo wake mambo manne: kuwatakia watu wote heri, kuwahurumia wanaoteseka, kuifurahia heri ya mwenzake bila kijicho, na kutulia katika raha na katika shida. La kwanza katika hayo, ambalo kwa lugha ya kale ya Kipali huitwa metta, halichagui ndugu wala mgeni. Ni jambo jepesi kulitaja hekaluni. Ni jambo jingine kabisa kulitenda katika jiji, ambamo mtu huishi ghorofa ya tano asimjue aishiye ghorofa ya nne, na ambamo mgonjwa aliyeanguka njiani hupitwa na watu mia, kila mmoja akidhani kwamba yule ajaye nyuma yake ndiye atakayesimama.

Jinsi jambo hilo linavyoweza kutendwa na watu wa kawaida, wenye watoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa, yaonekana vizuri katika kisiwa cha Taiwan, kwenye chama kiitwacho Tzu Chi. Jina hilo la Kichina lina maneno mawili, wema na msaada. Leo chama hicho kina hospitali, shule, chuo kikuu na kituo cha televisheni, nacho kimepeleka misaada katika nchi nyingi za dunia. Lakini habari zake zilizo na faida kwa mwenye nyumba na mkewe si hizo za majumba makubwa. Ni habari za senti hamsini.

VIATU VYA WATOTO NA PESA ZA SOKONI

Mwanzilishi wa chama ni mtawa wa kike aitwaye Cheng Yen, aliyezaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo wa Qingshui, sehemu za Taichung, magharibi mwa kisiwa. Baba yake alipofariki ghafla mwaka 1960, binti huyo aliingiwa na maswali ambayo kazi za nyumbani hazikuweza kuyajibu, hata mwishowe akaondoka kwao, na mwaka 1963 akapokelewa rasmi katika utawa. Makazi yake akayafanya Hualien, upande wa mashariki, nchi iliyobanwa kati ya milima mirefu na bahari, ambako maisha yalikuwa magumu kuliko kule alikotoka.

Yeye na wanafunzi wake wachache walijiwekea sheria kali. Katika nchi nyingi za Kibudha watawa huishi kwa chakula wanachopewa na waumini. Hawa walikataa. Walisema kwamba hawatakula ila kwa jasho lao, wakalima, wakafuma sweta, wakashona viatu vya watoto wachanga. Siku nyingine chungu kilikuwa kitupu, lakini sheria haikulegezwa.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1966 watawa watatu wa Kikatoliki walimtembelea, wakazungumza naye juu ya dini zao mbili. Katika mazungumzo hayo wageni walimwuliza swali lililomchoma: ikiwa Wabudha wana huruma kwa kila kiumbe, mbona hawaonekani wakijenga shule na hospitali kama wafanyavyo Wakristo? Mtu mwingine angalikasirika, au angalitafuta maneno ya kujitetea. Cheng Yen alilichukua swali lile kuwa ni deni. Aliwajua Wabudha wengi waliotenda mema kwa siri, kila mtu kivyake, na akaona kwamba kilichokosekana si huruma bali ni mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha. Watawa sita waliongeza kazi yao kwa jozi moja ya viatu vya watoto kila mmoja kwa siku, na kila jozi iliuzwa kwa dola 4 za Taiwan. Tena walipatikana akina mama wa nyumbani thelathini, ambao kila mmoja alipewa kibubu kilichokatwa kutoka kwenye pingili ya mwanzi. Kila asubuhi, kabla ya kushika kikapu kwenda sokoni, mama alitakiwa atumbukize humo senti hamsini za pesa za mboga. Kwa thamani ya wakati ule, senti hamsini zile zilipita kidogo tu senti moja ya Kimarekani. Ukizikusanya pesa za viatu na za vibubu, chama kizima kilipata dola 1,170 za Taiwan kwa mwezi, yaani kama dola 29 za Kimarekani. Kwa fedha hizo walianza kumlisha na kumtunza bibi kizee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, na baada yake wengine.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mhasibu yeyote angaliliuliza. Kwa nini senti hamsini kila siku, na si dola 15 mara moja mwisho wa mwezi? Hesabu ni ile ile, na kazi hupungua. Cheng Yen hakukubali. Mtu atoaye mara moja kwa mwezi, alieleza, huwa na wazo jema moja kwa mwezi, bali atoaye kila siku huwa na mawazo mema thelathini. Hapa yaonekana wazi kwamba fedha haikuwa shabaha ya kwanza. Shabaha ilikuwa ule mkono unaosita kidogo juu ya kibubu, na ule moyo unaokumbuka, kabla ya kufikiri bei ya kabichi, kwamba yuko mtu asiye na kabichi. Faida nyingine haikutazamiwa. Akina mama walipofika sokoni waliwaeleza wauza mboga na wauza samaki kuhusu vibubu vyao, na wauzaji nao wakataka kutia chochote. Habari ikaenea kwa njia ambayo habari zote za maana huenea, yaani kwa wanawake wenye vikapu.

MIKONO ELFU MOJA

Wabudha wa China na Taiwan humheshimu sana Guanyin, mwenye huruma, ambaye mara nyingi huchongwa akiwa na mikono elfu na macho elfu ili amwone kila mwenye shida na kumfikia. Cheng Yen aliligeuza jambo hilo kuwa hesabu ya kawaida. Watu mia tano, kila mmoja akiwa na mikono miwili na macho mawili, tayari ni mikono elfu na macho elfu. Basi kazi haikuwa kumngoja Guanyin, bali kuwatafuta hao mia tano.

Waliopatikana waligawiwa kazi kwa utaratibu ambao haujabadilika sana hadi leo. Mjumbe wa chama huwapitia wachangaji wake nyumba kwa nyumba kila mwezi, kwa miguu au kwa pikipiki. Jambo hilo laonekana kuwa la kizamani, hasa sasa ambapo fedha huweza kutumwa bila mtu kuondoka kitini. Lakini mjumbe anayebisha hodi hupokea zaidi ya mchango. Huona kwamba mzee wa nyumba ile amekonda. Husikia kwamba mtoto wa jirani haendi shule. Huambiwa kwamba mume wa fulani ameachishwa kazi na hajamwambia mtu. Katika jiji kubwa hakuna ofisi inayoweza kuyajua mambo hayo kwa njia ya fomu.

Anayetajwa kuwa ana shida hatumiwi kitu mara moja. Kwanza hutembelewa. Wajumbe huketi naye, humwuliza hali yake, hutazama jiko lake na paa lake, na mara nyingi huishia kuvua viatu na kufagia. Msaada ukikubaliwa, mtu huyo hurudiwa tena na tena, ili ikithibitika kwamba amesimama kwa miguu yake, zamu impate mwingine.

Wakati wa kukabidhi kitu, kiwe blanketi au bahasha ya fedha, mtoaji hushika kwa mikono miwili, huinamisha kichwa, na kusema ahsante. Ndivyo, mtoaji ndiye ashukuruye. Mgeni akiona mara ya kwanza hudhani watu wamekosea zamu zao. Lakini maana yake ni nzito. Asiyekuwa na shida asingepata nafasi ya kutenda wema kama mwenye shida hangekuwapo, kwa hiyo mwenye shida amemfanyia hisani. Yeyote aliyewahi kupokea unga wa msaada kutoka kwa mtu mwenye kiburi ataelewa mara moja kwa nini desturi hiyo ni bora kuliko gunia lenyewe.

Wajumbe wana vazi lao, shati la buluu na suruali nyeupe, na wana amri kumi za kufuata. Tano za kwanza ni zile za Wabudha wote: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa pombe. Zilizobaki zimeongezwa na chama kwa sababu ya maisha ya leo. Mwanachama havuti sigara wala hatafuni tambuu, hachezi kamari, huwaheshimu wazazi wake, hujiweka mbali na siasa, na (jambo litakalowafurahisha askari wa usalama barabarani kokote waliko) hutii sheria za barabarani. Pengine kuna watakaocheka kuona kofia ya pikipiki imewekwa pamoja na uzinzi katika orodha moja ya dini. Wasicheke upesi. Katika jiji lenye pikipiki nyingi kama Taipei, mahali ambapo mtu hukutana na maisha ya mwenzake mara nyingi zaidi kwa siku si hekaluni, ni njia panda.

Kwa namna hiyo ndogo ndogo ikajengwa hospitali ya Hualien. Haikuwa kazi rahisi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1983, kisha kiwanja kikaonekana kuwa kinahitajiwa na jeshi, ikabidi kuanza upya mahali pengine mwaka 1984. Yasimuliwa pia kwamba tajiri mmoja wa Japani alijitolea kutoa dola milioni 200 za Kimarekani, akakataliwa kwa heshima, kwa sababu hospitali ya mtu mmoja isingekuwa hospitali ya watu wote. Milango ilifunguliwa mwezi wa Agosti 1986, na mgonjwa hakutakiwa aweke fedha za amana kabla ya kulazwa, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kisiwani. Mle wodini, mbali na wauguzi, hupita wajumbe wa kujitolea wakisukuma viti vya wagonjwa, wakinyoa nywele, wakiwaonyesha njia wazee waliopotea kati ya milango mingi. Mwaka 1991 Cheng Yen alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, inayotolewa Manila kwa watu wa Asia waliowatumikia wenzao.

JIRANI KWANZA

Hata hivyo chama kilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo iliumbuliwa na tufani. Mjumbe wa zamani alikusanya wachangaji wake popote alipowapata, shangazi mtaa huu, rafiki mji ule. Ilifaa kwa kukusanya fedha. Lakini tufani iitwayo Herb ilipoipiga Taiwan mwishoni mwa Julai 1996 ikaleta mafuriko na maporomoko ya ardhi, ilionekana kwamba wajumbe wengi walikuwa na watu wao mbali, na hawakuwajua walio ukuta kwa ukuta nao. Msaada ulipita juu ya kichwa cha jirani ukaenda mbali.

Basi chama kikapangwa upya kufuata mitaa. Kila mjumbe akaambiwa aungane na wenzake wa mtaa wake, hata kama hawapendi sana, na wajifunze nyumba zilizowazunguka: ni nani mzee aishiye peke yake, ni nani kiwete asiyeweza kushuka ngazi. Wengine walinung'unika, maana walivunjiwa urafiki wa miaka. Mke wa askari, aliyezoea kuhamishwa kutoka kambi hadi kambi na kuanza upya na majirani asiowachagua, ataufahamu uzito wa amri hiyo.

Miaka mitatu baadaye faida yake ilionekana. Usiku wa kuamkia 21 Septemba 1999, saa saba na dakika arobaini na saba, ardhi ya Taiwan ya kati ilitetemeka kwa nguvu, na zaidi ya watu 2,400 walikufa. Hata mjini Taipei, mbali na kitovu cha tetemeko, jengo la makazi liliporomoka na watu wamelala ndani. Wajumbe wenye mashati ya buluu hawakungoja amri kutoka Hualien. Walijua nyumba, walijuana wenyewe kwa wenyewe, na kabla ya mapambazuko walikuwa wameanza kuwasha majiko barabarani na kuwapelekea chakula cha moto walionusurika na waliokuwa wakichimbua vifusi.

MIKONO INAYOPIGA MAKOFI

Taiwan ya miaka ya 1980 ilikuwa imetajirika haraka, na taka zake zikawa nyingi kuliko mahali pa kuzitupa. Mwezi wa Agosti 1990 Cheng Yen alihutubia Taichung. Njiani alikuwa ameiona mitaa imejaa uchafu uliobaki baada ya soko la usiku. Watu walipompigia makofi aliwaomba watumie mikono hiyo hiyo kuokota na kuchambua taka.

Kutokana na ombi hilo vimetokea vituo vya mitaani kwa maelfu, ambavyo vingi si chochote ila kibanda, au upenu, au uwanja ulioazimwa na mwenye nyumba. Hapo hukutana wajumbe wa rika zote, lakini hasa wazee. Huketi kwenye vigoda wakizungukwa na chupa za plastiki, magazeti, makopo na nyaya. Hufungua vifuniko vya chupa kimoja kimoja, maana kifuniko ni plastiki ya aina nyingine na chupa. Hutenganisha karatasi nyeupe na ya rangi. Vinavyouzwa huuzwa, na fedha husaidia kuendesha televisheni ya chama, iliyoanza mwaka 1998. Chupa nyingine husagwa na kuvutwa kuwa nyuzi, nyuzi zikafumwa kuwa mablanketi ya kijivu yanayopelekwa kwenye misiba.

Wizara yoyote ya usafi yaweza kusifu kazi hiyo kwa sababu ya mitaa safi, lakini huenda faida yake kubwa imo kwingine. Mjane mwenye miaka 80, ambaye watoto wake wamehamia mbali, ana mahali pa kwenda asubuhi. Kuna wenzake wanaoulizana akichelewa. Kazi haihitaji kusoma wala nguvu nyingi, na mtu hupewa uji na mboga. Mtu mwenye fedha zake naye huja, akavaa glavu, akaketi karibu na mfagiaji, wote wawili mikono imenuka. Ni vigumu kujivuna ukiwa na kopo la samaki la mtu mwingine mkononi.

Serikali nayo haikukaa bure. Tangu mwaka 2000 wakazi wa Taipei hulipia mifuko maalumu ya taka, na hairuhusiwi kuziweka chini zingoje gari. Gari la taka hupita kwa saa zake likipiga muziki, mara nyingi kipande cha Beethoven ambacho kila mtoto ajifunzaye piano hukijua, na wakazi wote hushuka na mifuko yao. Kwa dakika chache za jioni, watu wa ghorofa ya tano na wa ghorofa ya nne husimama pamoja kando ya barabara.

PALIPO NA FEDHA NYINGI

Isidhaniwe kwamba wema huo haukuwahi kulaumiwa. Chama kilichoanza na dola 1,170 kilifika kushika mali kubwa mno, na mwaka 2015 lawama zilikuja kwa nguvu. Kilikuwa kimetaka kwa miaka mingi kujenga kwenye kiwanja chake cha Neihu, mjini Taipei, sehemu ambayo ilikuwa imehifadhiwa. Wakazi wa jirani walipinga, wakihofia mafuriko na maporomoko. Ubishi ukawa mkubwa, magazeti yakauliza pia hesabu za chama zinaonyeshwa kwa nani na kwa kiasi gani, na mwezi wa Machi mwaka huo chama kikaliondoa ombi lake.

Wafuasi wengi waliumia, wakaona wameonewa. Lakini wakazi wa Neihu walikuwa na haki ya kuuliza. Mama aliyetia senti hamsini kwenye mwanzi wake aliweza kumwona kwa macho bibi kizee aliyelishwa kwa senti hizo. Anayetia leo hawezi kuona kila kitu, na asiyeweza kuona hana budi aonyeshwe daftari.

HADI DURBAN NA YANGON

Afrika nako mbegu hiyo imefika. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini, wafanyabiashara kutoka Taiwan waliokuwa na viwanda huko miaka ya 1990 walianza kuwapa wanawake wa Kizulu cherehani kuukuu na mabaki ya vitambaa, wakawafundisha kushona. Wanawake waliopata riziki kwa njia hiyo waliwafundisha wengine, kisha wakaanza kuwatembelea wagonjwa wa UKIMWI na kuwapikia mayatima. Wengi wao ni Wakristo na wamebaki Wakristo. Huvaa shati la buluu na Jumapili huenda kanisani. Msumbiji nako, baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019, wajumbe wa huko huko walikuwa miongoni mwa waliogawa chakula na vifaa, na baadaye zikajengwa nyumba na shule.

Na Myanmar, mwezi wa Mei 2008, kimbunga Nargis kiliwaua au kuwapoteza zaidi ya watu 130,000 na kuyafunika mashamba ya mpunga kwa maji ya chumvi. Wakulima wa karibu na Yangon waliletewa mbegu na mbolea. Walipovuna walitaka kurudisha kitu, lakini fedha hawakuwa nazo, na vibubu vya sarafu havikuwafaa. Basi wakaweka mtungi jikoni, kando ya ule wa mchele wa nyumbani. Kila siku, kabla ya kuosha mchele wa chakula, mwenye kupika huchota ukufi mmoja akautia katika mtungi wa pili. Mwisho wa mwezi mitungi hiyo humiminwa pamoja kijijini, na mchele hupelekwa kwa wale ambao mwaka huo hawakuvuna.